Honda CX500 Turbo ya Kibosho: kisa cha pikipiki iliyolala miaka 19 ghalani

Mtu akikuta pikipiki ya zamani chini ya turubai, swali linalomtoka kwanza ni "Inawaka?" Katika kisa hiki swali hilo nusura liiue pikipiki yenyewe. Ninakisimulia chote, fedha zilizotoka na mahali nilipokosea zikiwemo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba pikipiki ya tabo (feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi wa injini, nyingine inaisukumia injini hewa) haiharibiwi na miaka ya kulala kama inavyoharibiwa na dakika tano za kwanza za kuamshwa.

Mimi ni fundi wa injini za malori hapa Moshi. Tabo nimezishika tangu nikiwa kijana wa kuosha spea kwenye beseni la dizeli. Ila tabo inayoenea kiganjani, iliyofungwa kwenye pikipiki, nilikuwa nimeiona kwenye picha tu.

Simu ilitoka kwa jirani yangu wa zamani aliyehamia Kibosho. Kuna bibi huko, mjane, ana pikipiki kubwa ya marehemu mumewe ghalani, na wanunuzi wa vyuma chakavu wameshapita mara mbili wakitaja bei kwa kilo. Nikapanda Jumamosi hiyo hiyo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kukata?"

"Nimekuja kuiangalia kwanza, Bibi."

"Haya. Wa kuangalia tunampa kiti."

Marehemu alifanya kazi Ujerumani, akarudi na pikipiki hiyo ndani ya kontena pamoja na vyombo vya nyumbani. Aliiendesha hadi miguu ilipokataa, kisha akaiegesha kwenye ghala la kahawa, kati ya mashine ya kumenyea na magunia, akaifunika. Hapo ndipo ilipokaa. Bibi aliniambia jambo moja ambalo lilinisimamisha: wiki tatu kabla yangu walikuja vijana wawili na betri ya gari na galoni la petroli. Walijaribu kuiwasha kwa selfu. Ikalia "ka", basi. Wakasema injini imejam, haifai, wakaondoka.

Niliwashukuru moyoni kwa betri yao mbovu.

Chombo chenyewe

Chini ya turubai kulikuwa na Honda CX500 Turbo ya mwaka 1982, nyeupe ya lulu iliyogeuka njano, kioo cha mbele kimepasuka, tairi zote mbili zimelala. Kwa asiyeifahamu, hii ndiyo pikipiki ya kwanza ya tabo iliyotoka kiwandani Japani kwa wingi. Mwaka 1978 Marekani iliuzwa Kawasaki Z1R-TC, lakini tabo yake ilifungwa na kampuni nyingine baada ya pikipiki kukamilika. Honda walianza na karatasi tupu. Yamaha wakaleta XJ650 Turbo ya kabureta, Suzuki wakaja na XN85 mwaka 1983, mwaka huo huo Honda wakaikuza ya kwao ikawa CX650 Turbo, na Kawasaki wakafunga mlango na 750 Turbo ya 1984. Baada ya hapo viwanda vyote vinne viliachana na wazo hilo. Injini kubwa isiyo na tabo ilitoa nguvu ile ile kwa gharama ndogo na bila kumfanya dereva asubiri.

Injini ya CX500 ya kawaida ni silinda mbili zilizopanuka kama herufi V kwa nyuzi 80, inapozwa kwa maji, na nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Toleo la tabo lilibadilishiwa mengi ndani. Pistoni ni za kufuliwa, na ukandamizaji wa hewa ulishushwa hadi 7.2 kwa 1, ambapo ile ya kawaida ni 10 kwa 1, ili mchanganyiko wa mafuta na hewa ya tabo usije ukalipuka kabla ya wakati. Mafuta yanaingia kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Tabo ni ya IHI, ndogo sana, feni zake zina kipenyo cha takribani sentimita tano, na zikikolea zinazunguka karibu mara 200,000 kwa dakika. Honda waliiruhusu isukume hewa kwa presha ya takribani baa 1.2. Matokeo yake ni nguvu za farasi 82 kutoka kwenye injini ya sisi (cc) 497.

Namba hiyo ya 200,000 ndiyo kiini cha kisa. Kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo hakiguswi na chuma. Shafti yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa sekunde chache, au ikifika na uchafu, beringi zimekwisha. Kwa upande wa hewa, punje ya mchanga ikiigonga feni kwa kasi hiyo ni sawa na kuipiga kwa nyundo.

Nilichokagua kabla ya kutaja bei

Nilianza na namba ya fremu. Inaanza na PC03, na ya injini pia ni ya PC03, kwa hiyo injini haikubadilishwa. Nikatoa plagi. Nikaweka gia ya tano, nikalishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili nikalisukuma taratibu kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Likakubali. Ndani nikasikia pistoni zikivuta hewa kwenye matundu ya plagi. Injini haikuwa imejam hata kidogo. Ule mlio wa "ka" ulikuwa betri dhaifu na nyaya zilizoota kutu.

Oili ilikuwa nyeusi na nzito, lakini haikuwa na weupe wa maji. Maji ya rejeta yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Nyuma ya injini, chini ya kitundu ambacho pampu ya maji huvujia sili yake ikifa, kulikuwa na alama ndefu ya kijani kibichi kilichokauka. Maana yake sili ya pampu ya maji ilikufa kabla pikipiki haijaegeshwa. Nyaya za chini ya tangi zilikuwa zimeliwa na panya. Kompyuta, iliyoko mkiani nyuma ya kiti, ilikuwa kavu.

Kisha nikafungua boksi la eya klina.

Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga humo. Viota vinane, vya udongo mwekundu wa Kibosho uliokauka kama tofali, vimejipanga kutoka kwenye mdomo wa kuingizia hewa hadi ndani ya bomba linaloelekea kwenye tabo. Filta ya karatasi ilikuwa imetafunwa, imebaki fremu. Kati ya udongo ule na feni ya hewa hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Lau injini ingewaka siku ile ya vijana wawili, udongo ungevutwa moja kwa moja, ungesaga ncha za feni, na vumbi lililobaki lingeingia kwenye silinda na kula ringi. Wangeondoka wamefurahi kwamba "imewaka", na pikipiki ingekuwa imeshakufa.

Ndiyo maana sikubali kauli ya wauzaji na wanunuzi wengi kwamba chombo kinachowaka kina bei na kisichowaka ni chakavu. Kwa pikipiki hii ukweli ulikuwa kinyume. Thamani yake yote ilikuwa kwenye kutowaka.

Nilimwambia Bibi bei ya shilingi 2,500,000, na nikamweleza kwa nini siyo zaidi: kazi iliyoko mbele ni kubwa na spea lazima zitoke nje. Alikubali. Lakini kadi ilikuwa na jina la marehemu, na hapo wengi hukosea kwa kulipa kwanza na kutafuta karatasi baadaye. Pikipiki ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mwenye ufunguo. Kijana mkubwa wa Bibi alifungua shauri la mirathi mahakama ya mwanzo, akateuliwa, ndipo tukaandika mkataba na kwenda TRA kubadilisha umiliki. Ilichukua miezi minne. Pikipiki ilibaki ghalani muda wote huo na fedha ikabaki kwangu.

Siku ya kuichukua, Bibi aliingia ndani akatoka na kitabu cha ufundi cha Kijerumani kilichofungwa kwenye nailoni. Kijerumani sikijui. Michoro ya nyaya na vipimo havihitaji lugha.

Katika miezi ile minne ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Kwa kuwa kila mtu, na mimi nikiwemo, alidhani tabo ya miaka 40 lazima iwe imekufa, niliagiza seti ya beringi na sili za tabo kwa shilingi 700,000 kabla ya kuifungua. Tutaona ilivyokuwa.

Kushusha injini

Kwenye CX, koili ya chaji na sili ya pampu ya maji zote ziko nyuma ya injini, ndani ya kava moja, na kava hiyo haitoki injini ikiwa kwenye fremu. Kwa hiyo hata kama tatizo ni sili ya bei ndogo, injini yote inashuka. Wanaozifahamu pikipiki hizi hufanya kazi tatu kwa mshusho mmoja: sili ya maji, koili ya chaji, na cheni ya taimingi pamoja na tenshena yake. Nami nikafanya hivyo, japokuwa koili ilikuwa haijanionyesha ugonjwa.

Vizuri nilivyofanya. Koili ina nyaya tatu za njano. Zikipimwa mbili mbili zinatakiwa zitoe ukinzani ulio sawa, chini ya omu moja, na hakuna hata moja inayotakiwa kusoma na bodi, yaani kupitisha umeme kwenda kwenye chuma cha injini. Moja ilisoma na bodi. Pikipiki ya kabureta ingeweza kujikongoja na chaji pungufu. Hii ina pampu ya mafuta ya umeme, nozeli na kompyuta. Betri ikishuka, inazima barabarani.

Nilipeleka koili Arusha, Unga Limited, kwa fundi wa kusuka mota. Wa kwanza alitaka kuisuka kwa waya na vanishi ya mota za feni. Nikakataa. Koili hii inaogeshwa na oili ya moto ya injini masaa yote. Vanishi ya kawaida inalainika, nyaya zinagusana, na baada ya kilomita chache unashusha injini upya. Wa pili alikuwa na waya wa kuhimili nyuzi 200 na alielewa nilichokuwa nikisema kabla sijamaliza. Alinitoza shilingi 180,000.

Breki nazieleza kwa ufupi: kalipa zote zilikuwa zimeshika, nikabadilisha pistoni, sili na mipira, na maji ya breki yaliyokuwa kama asali yakamwagwa. Plastiki za mwili nilizipeleka kwa kijana wa faiba pale Majengo. Alizishona na kuzipiga rangi kwa uangalifu ambao sikuutegemea. Tairi sikutaka mzaha. Saizi ya mbele, inchi 18, inafanana na ya tairi za bodaboda, na wengi walinishauri nifunge hizo. Tairi ya bodaboda haikutengenezwa kubeba kilo zaidi ya 230 za chombo kwa mwendo wa hii. Niliagiza za kweli, na nilisoma tarehe ya kutengenezwa ubavuni kabla ya kupokea: namba nne, wiki na mwaka.

Tangi lilikuwa na kutu ndani. Nililijaza siki ya dukani siku mbili pamoja na kipande cha mnyororo wa baiskeli, nikalitikisa asubuhi na jioni, nikalisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ile asidi, nikalikausha kwa hewa ya kompresa na kulipaka petroli yenye oili kidogo siku hiyo hiyo. Ukichelewa usiku mmoja, kutu inarudi. Mipira ya mafuta yote niliitupa. Mfumo wa nozeli unafanya kazi kwa takribani baa 2.5, na presha hiyo inapanda pamoja na ya tabo; mpira wa kabureta ukifungwa hapo unapasuka juu ya injini ya moto. Nilitumia mpira wa gari la nozeli na pampu ya gari ya kufungwa nje ya tangi. Nozeli mbili zenyewe zilisafishwa kwa mashine Arusha, zikanyunyiza sawa.

Tabo kwenye meza

Sasa tabo. Niliifungua nikiwa na ile seti ya 700,000 pembeni.

Ukiishika shafti ya tabo yenye beringi za oili ukaitikisa kushoto na kulia, ina mchezo kidogo. Huo ni wa kawaida, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo ya oili kuelea. Asiyejua akiutikisa huo atasema tabo imekufa. Kinachotakiwa kukutisha ni mchezo wa kuvuta na kusukuma, na alama za ncha za feni kwenye kuta. Hii haikuwa na mchezo wa kuvuta niliouweza kuusikia kwa vidole, na geji ya saa ilikubaliana nami. Ncha za feni ya hewa zilikuwa kali kama mpya. Udongo wa nyigu ulikuwa umefika sentimita chache kabla yake.

Kilichonishangaza zaidi ni usafi wa nyumba ya beringi. Tabo za malori ninazofungua huwa na mkaa: oili iliyoungua na kuganda kwa sababu dereva amepanda mlima, akafika, akazima injini papo hapo. Feni ya moshi bado ni nyekundu, oili imesimama, inapikwa pale pale ilipo. Kwenye hii niliukuta utando mwembamba wa kahawia tu. Bomba dogo la kuleta oili lilikuwa na kiziba kimoja laini, kikatoka kwa waya wa breki ya baiskeli na petroli. Sikupata maelezo ya usafi ule siku hiyo.

Nikairudisha ilivyokuwa, na sili mpya za nje tu. Beringi za 700,000 ziko kabatini hadi leo. Ningesubiri kuifungua kwanza, fedha ile ingelipa breki zote na chenji.

Kuiwasha, na tatizo lililofuata

Injini ikarudi kwenye fremu. Oili mpya yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo na oili ya magari ya kisasa huifanya iteleze. Plagi nje, koili za moto zimechomolewa, bomba la oili la tabo limefunguliwa na kikombe kimekingwa chini yake. Nikapiga selfu kwa vipindi vya sekunde tano hadi oili safi ilipotoka kikombeni. Nikafunga bomba, nikapiga tena mara tatu. Hapo tu ndipo nilipofunga plagi.

Iliwaka kwa jaribio la pili. Taa ya mfumo wa mafuta ikawaka nayo kwenye dashibodi. Soketi ya sensa ya joto ilikuwa na ukungu wa kijani, nikaisafisha, ikazimika. Silensa, yaani mngurumo wa injini bila resi, ikatulia. Baada ya dakika 20 nikamwaga oili yote ile nikaweka nyingine.

Nikaipeleka barabarani kuelekea Boma Ng'ombe. Chini ya mizunguko 4,000 ilivuta kama pikipiki iliyochoka. Hilo nililitegemea: ukandamizaji wa 7.2 unaifanya iwe dhaifu kuliko CX500 ya kawaida mpaka tabo iamke. Lakini nilipofika 5,000, kisha 6,000, haikuamka. Geji ya tabo ilipanda kidogo, labda 0.2, ikasimama hapo. Hakuna moshi, haipigi misi, hakuna mlio mbaya. Haina nguvu tu.

Gerejini kila mtu alikuwa na jibu moja: tabo. "Bosi, tulisema ufunge zile beringi." Nami, nakiri, usiku huo niliitazama ile seti kabatini. Asubuhi nikarudi kwenye nilichokiona kwa geji yangu mwenyewe. Tabo ilikuwa nzima mezani, na tangu hapo haikuwa imefanya kazi hata saa moja. Kwa hiyo ama inasukuma hewa na hewa inapotea njiani, ama haipati moshi wa kuizungusha. Mlango wa kupunguza moshi unaokwenda kwenye feni nilikuwa nimeujaribu kwa mkono, unafunga. Imebaki hewa.

Kifaa cha kupimia nilikitengeneza kwa kizibo cha bomba la maji la plastiki, valvu ya tairi ya tyubulesi katikati, na kleampu. Nikakifunga mahali hewa inapoingilia kwenye tabo, nikasukuma kwa pampu ya mguu hadi nusu baa, na maji ya sabuni mkononi. Mipira yote haikutoa povu. Lakini presha ilishuka ndani ya sekunde mbili, na nilipoweka sikio kwenye boksi la eya klina nikasikia pumzi: fyuuu.

Kati ya boksi la eya klina na tangi la hewa lililo baada ya tabo kuna njia ya mkato yenye ridi, vile vibati vyembamba ambavyo kila aliyefungua Yamaha DT ya tu-stroki anavifahamu. Kazi yake ni kuruhusu injini ivute hewa moja kwa moja wakati tabo imelala. Tabo ikianza kusukuma, presha inavibana vibati hivyo na njia inajifunga. Nilipoitoa nikakuta vibati viwili vimeinuliwa na tope jekundu lililokauka mahali vinapokalia. Tabo ilikuwa inasukuma hewa ile, na hewa inarudi ilikotoka.

Tope lilifikaje huko, wakati viota vilikuwa kwenye boksi? Nilirudia hatua zangu zote kwenye daftari. Nilikuwa nimevibomoa viota vikiwa vikavu, kisha nikaliosha boksi kwa maji ya presha likiwa bado limefungwa kwenye pikipiki, kwa haraka ya kuona lile jekundu limeisha. Maji yaliubeba udongo hadi kwenye ridi. Kosa hilo ni langu, na ni kubwa kuliko la seti ya beringi, kwa sababu punje zilizopita pale zingeingia kwenye injini. Nilifungua tangi la hewa na njia zote hadi kwenye valvu, nikafuta kwa kitambaa cheupe hadi kikatoka cheupe, nikamwaga oili mara ya tatu, na nikapima ukandamizaji wa silinda zote mbili. Zilisoma karibu sawa. Nashukuru.

Anayeshika kazi kama hii nampa sharti moja: kila kitu kinachopitisha hewa kitoke kwenye pikipiki kwanza, kisha kioshwe mezani.

Moshi hadi Arusha

Ridi ikiwa safi, geji ilipanda hadi karibu na 1.2 na pikipiki ikawa kitu kingine kabisa. Unafungua resi, unahesabu moja, mbili, kisha barabara inakujia.

Nilitaka kuipima kwenye mwinuko, na hapa kwetu tuna bahati ya kuwa na kipimo hicho mlangoni. Moshi mjini iko chini ya mita 900, Arusha karibu mita 1,400, na kati yake ni kilomita 80 hivi. Kwenye usawa wa bahari hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101. Moshi inabaki karibu 91, Arusha 86. Injini isiyo na tabo, kwa hesabu hiyo, inaingiza Arusha hewa pungufu kwa asilimia 15 kuliko ikiwa Tanga. Yenye tabo inasukuma kilopaskali 120 zake, ndizo zile baa 1.2, juu ya hewa iliyoko: Tanga jumla 221, Arusha 206. Pengo linakuwa asilimia 7 tu. Kazi hii ndiyo iliyoipa tabo jina mapema. Mwaka 1918 Sanford Moss alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kileleni Pikes Peak, Marekani, mita 4,300, akaonyesha kwamba tabo inairudishia nguvu injini iliyokosa hewa.

Lakini msaada huo una gharama. Ili kufikisha 120 ile ile kutoka kwenye hewa nyepesi, tabo lazima izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Ndiyo sababu baada ya kupanda kutoka Usa River na Tengeru sikuthubutu kuizima pale nilipofika Arusha. Niliiacha kwenye silensa dakika tatu kwanza. Mwendo wenyewe ulikuwa mzuri: laini, imetulia, joto la maji halikusogea. Ninavyokadiria, zimetumika shilingi 8,200,000 zote pamoja, bei ya kununulia ikiwemo, bila kuhesabu mikono yangu. Bado sili moja ya shafti ya gia inatoa jasho la oili, nimeiagiza.

Wiki iliyofuata nikapanda nayo Kibosho. Bibi alisikia mlio kabla sijakata kona ya kwake, nikamkuta amesimama mlangoni na kanga begani. Nikaingia uani, nikaweka stendi, nikashuka, injini ikiendelea kunguruma taratibu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona huizimi?"

Nikamweleza kuhusu oili na ile feni ya moto, kwamba lazima ipoe ikiwa bado inalainishwa, la sivyo oili inaungua ndani yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama pikipiki.

"Baba yao alikuwa anaiacha hivyo hivyo," akasema. "Kila siku, hapo hapo ulipoiweka. Anashuka, anavua kofia, anakunywa maji, yenyewe inalia tu. Miaka yote mimi nikidhani anawaringia majirani."